Sura ya 7: Farasi Hahami Peke Yake

"Kwa nini farasi wangu, aliyekuwa mpole kule alikotoka, huku amekuwa mtu mwingine kabisa?"

Swali hili nimeulizwa Karen, nimeulizwa Limuru, nimeulizwa Nanyuki. Anayeuliza huwa amemhamisha farasi wake wiki moja au mbili zilizopita. Mnyama aliyekuwa akisimama kimya apigwe brashi sasa anazunguka bandani kutwa, analia kila gari linapopita, anapiga mlango teke na kuacha nusu ya nyasi zake. Mwenyewe anaanza kushuku. Labda nimeuziwa farasi mwenye wazimu. Labda watu wa huku wanampiga nikiondoka. Labda amenichukia.

Mara nyingi hakuna lolote kati ya hayo. Farasi ni yule yule. Kilichobadilika ni kila kitu kingine.

Tuelewane kwanza kuhusu neno moja. Ninaposema mabanda ya kulipia, nina maana ya mahali unapomweka farasi wako kwa mwenye shamba au mwenye kiwanja, ukamlipa kila mwezi. Kwingine ada inabeba kila kitu: banda, chakula, usafi na mtu wa kumtunza. Kwingine unakodi banda na malisho tu, mengine unajitafutia. Viunga vya Nairobi vina mabanda ya aina zote mbili, kwa sababu wenye farasi wengi mjini hawana ekari za kumfugia. Mbio za farasi zimekuwepo katika mji huu tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na uwanja wa Ngong Road, unaotumika hadi leo, ulifunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo suala la kuhamisha farasi kutoka banda la huyu kwenda la yule si geni kwetu.

Sababu za kuhama ni za kawaida. Ada imepanda. Kazi imekupeleka Nanyuki. Malisho yamekauka na mwenye mabanda hataki kununua nyasi. Ardhi imeuzwa ijengwe nyumba. Wakati mwingine ni ugomvi tu kati ya mwenye farasi na mwenye mabanda, na farasi ndiye anayebebeshwa gharama yake.

Nini hasa kinachohama?

Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, na karibu anaona mzunguko mzima bila kugeuka, isipokuwa pale mbele ya paji la uso na pale nyuma ya mkia. Umbile hilo lote lina kazi moja, kujua mapema kinachokuja. Alikotoka alikwisha kuijua orodha ya mambo yasiyo na madhara: mlio wa lango, pikipiki ya muuza maziwa, mbwa wa jirani, karatasi ya plastiki iliyonasa kwenye ua tangu mwaka jana. Kila kimoja alikiogopa siku moja, akakizoea, akakisahau. Sasa umemshusha mahali ambapo orodha haina hata mstari mmoja. Anaianza upya usiku huo huo, na bila wenzake.

Nafikiri mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kutuelewesha jambo hili. Sanduku la bati, godoro limefungwa kwa kamba, mzazi amekwisha kuondoka. Chakula ni kile kile cha maharagwe alichokizoea nyumbani, lakini hakipiti kooni. Hatuwezi kusema mtoto yule ana tabia mbaya.

Farasi anapohama, mambo matatu hukatika kwa mpigo. Wenzake hukatika. Mpango wa tumbo lake hukatika. Na mtu anayemjua hukatika. Mawili ya kwanza watu huyakumbuka walau kidogo. La tatu karibu kila mtu hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu mambo mengi kuliko yote. Ndiyo maana naanza nalo.

Anachokijua saisi

Saisi ni mtu anayemtunza farasi siku hadi siku: kumlisha, kumnywesha, kumsafisha, kumtoa malishoni na kumrudisha. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu. Katika mabanda mengi ya Nairobi saisi ameajiriwa na mwenye mabanda, si na mwenye farasi. Mwenye farasi huja Jumamosi na Jumapili, labda Jumatano jioni. Huyu anamjua farasi akiwa mgongoni. Saisi anamjua saa kumi na moja alfajiri, kabla hajapata chochote, na anamjua usiku wa mvua.

Nilijifunza hili kwa makosa yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimtoa farasi jike Limuru nikampeleka upande wa Lang'ata. Niliandaa trela, nikalipa ada ya mwezi, nikabeba matandiko, blanketi na gunia la chakula chake. Aliyekuwa akimtunza kule, mzee aliyekaa naye miaka minne, nilimpa mkono na shukrani, nikaondoka. Sikumuuliza kitu.

Tulifika Jumamosi saa tisa alasiri. Jike lile halikunywa maji. Jumapili asubuhi saisi mpya aliniambia birika halijapungua, nikamjibu kwamba atakunywa akiona kiu. Jumapili jioni mavi yalikuwa madogo, makavu, yameng'aa kama yaliyopakwa mafuta. Usiku wa manane alianza kuparua sakafu kwa kwato na kugeuka kutazama ubavu wake. Daktari wa mifugo alikuja, akapitisha mpira puani hadi tumboni, akammiminia maji na chumvi. Kulipokucha ndipo nilipokumbuka kumpigia simu yule mzee wa Limuru.

"Mzee, shikamoo. Huyu mama amekataa maji."

"Marahaba. Mmempa kwenye nini?"

"Birika la bati. Lina floti, linajijaza lenyewe."

Alinyamaza kidogo. "Yule hanywi kwenye kitu kinachopiga kelele. Mpe ndoo ya plastiki, uiweke chini kabisa, kisha uondoke. Ukisimama hapo hatakunywa."

Tukaweka ndoo. Tukaondoka. Tuliporudi baada ya robo saa ilikuwa imebaki nusu.

Mzee yule hakuwa amenificha siri. Hakuna aliyemuuliza. Ninaposimulia kisa hiki, wenye farasi huniambia kwamba wanyama wao hawana mikogo ya namna hiyo. Huwa nawaomba wakamuulize saisi wao, kisha turudi tuzungumze.

Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya kuhama, nunua daftari. Kaa chini na saisi wa sasa, si kwa dakika tano ukiwa na ufunguo wa gari mkononi, bali kwa saa nzima na chai. Andika:

- Anakunywa ndoo ngapi kwa siku, saa ngapi, kwenye chombo gani. Farasi mzima hunywa kati ya lita 25 na 50, kutegemea joto na kazi.
- Anakula nyasi gani, kilo ngapi, na kwa mpangilio upi. Usikubali jibu la "debe moja". Pima debe lenyewe.
- Anakunya mara ngapi. Wengi huwa kati ya mara 8 na 12 kwa siku, lakini wa kwako ana hesabu yake.
- Joto la mwili wake akiwa mzima. Kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, na kila farasi ana mahali pake humo katikati.
- Hulala upande gani wa banda, na hulala chini au amesimama.
- Anaogopa nini. Anampenda nani kati ya farasi wenzake. Nani hawaivi naye.
- Fundi wa kwato alikuja lini, dawa ya minyoo ilitolewa lini, ni ipi.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliona ni gharama ya bure. Mlipe saisi wa zamani siku moja ya kazi asafiri na farasi hadi mabanda mapya, akabidhiane na mwenzake uso kwa uso. Masaisi wakizungumza wao kwa wao, wewe ukiwa mbali, huambiana mambo ambayo hawatakuambia. Siku moja ya ujira ni ndogo kuliko ziara moja ya daktari usiku.

Ukienda kukagua

Wenye farasi wengi hukagua mabanda mapya kama wanavyokagua nyumba ya kupanga: rangi ya ukuta, paa, wako wapi majirani. Mimi huanzia nje.

Kwanza natazama maji yaliyosimama. Kuna kinamasi? Kuna bwawa? Kuna bomba linalovuja na kufanya tope la kudumu? Hapo ndipo wanapozaliana usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, na usubi ndio wanaobeba ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huu ni ugonjwa wa virusi unaovimbisha mapafu au moyo. Ule wa mapafu huua zaidi ya farasi 9 kati ya 10 wanaoupata, na unaweza kuua ndani ya siku moja tangu dalili kuonekana. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Mabanda yanayopakana na mbuga yana uzuri wake, lakini yanahitaji umakini zaidi.

Usubi huuma hasa jioni na alfajiri. Muulize mwenye mabanda swali hili moja: farasi huingizwa ndani saa ngapi? Akisema kabla jua halijazama, na hutolewa jua likiwa limepanda, huyo anajua kazi yake. Akisema "wakimaliza kula", endelea kuuliza.

Pili natazama miti na vichaka. Wapo watu waliofuga farasi miaka mingi wasiojua kwamba majani ya mparachichi ni sumu kwa farasi. Huvimbisha kichwa na shingo, na yanaweza kudhuru moyo. Viwanja vingi vya Nairobi vina miparachichi, na matawi huangukia malishoni baada ya upepo. Oleanda, ule mti wa maua ya waridi na meupe unaopandwa kandokando ya njia za kuingilia majumbani, ni hatari zaidi: majani machache yanatosha kuua. Lantana nayo huharibu ini. Tembea mzunguko wote wa ua kwa miguu. Farasi aliyeshiba mahali anapopazoea huyapita majani mabaya, lakini mgeni mwenye wasiwasi hutafuna chochote kilicho karibu na mdomo.

Tatu ni nyasi. Alikotoka pengine alikuwa akila nyasi kavu za Boma Rhodes, na anakokwenda malisho yote ni nyasi za Kikuyu, zile zinazotambaa na kushona kama zulia. Zinapendeza macho. Ila zina oksaleti, yaani kemikali inayoishika kalsiamu tumboni kabla mwili haujaichukua. Farasi akiishi kwa nyasi hizo tupu kwa miezi, mwili wake huanza kukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na hatimaye mifupa ya uso huvimba. Dawa yake si kukataa mabanda hayo. Ni kuchanganya: nyasi kavu za Rhodes, lusini yenye kalsiamu nyingi, na ushauri wa daktari kuhusu madini ya kuongeza.

Baada ya hapo ndipo naingia bandani. Nachutama, pua yangu ifike kimo cha farasi aliyelala, navuta pumzi. Mkojo ukinichoma macho pale chini, farasi atakuwa anauvuta usiku kucha.

Na sakafu je, na mlango, na mwanga? Utaviona mwenyewe, hivyo havihitaji kitabu.

Tumbo lina wakazi wake

Hapa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo farasi wanapofia.

Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake: kwa farasi wa kilo 500 hubeba kati ya lita 8 na 15. Limeumbwa kupokea kidogo kidogo mchana na usiku. Asidi yake hutiririka muda wote, kuwe na chakula au kusiwe, na farasi akikaa saa nyingi bila kutafuna, asidi hiyo huanza kula ukuta wa tumbo lenyewe. Vidonda vya tumbo vinaweza kujitokeza ndani ya siku chache tu za safari na kufungiwa ndani. Juu ya hayo, farasi hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia ya kurudi.

Lakini kazi kubwa ya kusaga nyasi hufanyika nyuma zaidi, katika utumbo mpana. Huko kuna bakteria na viumbe wengine wadogo wasiohesabika, na wao ndio wanaozivunja nyasi. Farasi anawalisha wao, nao wanamlisha yeye. Wakazi hawa wamejipanga kwa chakula walichokizoea. Ukibadilisha nyasi ghafla, wengine hufa, wengine huzaliana kupita kiasi, gesi hujaa, na utumbo unaweza hata kujisokota. Maumivu hayo ya tumbo huitwa msokoto. Ndio ulioniamsha usiku ule wa Lang'ata, ingawa kwangu chanzo kilikuwa kiu.

Wengi hudhani mabadiliko ya hatari ni ya chakula cha gunia, pumba na oti. Nyasi nazo ni chakula. Nyasi za Rhodes kutoka shamba moja si sawa na Rhodes za shamba jingine lililovunwa mwezi mwingine. Kwa hiyo nunua marobota ya kutosha kutoka mabanda ya zamani uende nayo. Farasi wa kilo 450 hula nyasi kavu karibu kilo 7 hadi 9 kwa siku. Kwa siku 14 andaa walau kilo 100. Siku tatu za mwanzo mpe za zamani tupu. Kisha changanya robo ya mpya, halafu nusu, halafu robo tatu, mpaka wiki mbili ziishe.

Maji nayo hivyo hivyo. Ya kisima yana ladha yake, ya bomba yana klorini, ya mvua hayana kitu. Beba madumu mawili ya maji ya kule. Wapo wanaoanza wiki moja kabla kutia molasi kidogo kwenye maji ya nyumbani, kisha wakatia kiasi kile kile kwenye maji mapya ili ladha isibadilike. Nimejaribu, na hufaa kwa farasi wachaguzi.

Kwa ufupi: usibadilishe nyumba na chakula kwa siku moja. Nyumba itabadilika Jumamosi. Chakula kimalize kubadilika wiki mbili baadaye.

Karatasi na sindano

Mkataba wako wa sasa pengine unakutaka utoe notisi ya mwezi mmoja. Itoe kwa maandishi, na ulipe unachodaiwa kabla ya trela kufika. Farasi asiwe rehani kati ya watu wazima wawili.

Kenya, mnyama anapohamishwa huhitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo wa serikali. Kiombe mapema. Beba pia rekodi za chanjo: pepopunda, kichaa cha mbwa, mafua ya farasi, na ile ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Hii ya mwisho ndiyo inayohitaji kalenda. Kirusi chake kina aina 9, na chanjo inayotumika kwetu, itengenezwayo Onderstepoort huko Afrika Kusini, huja katika chupa mbili zinazotolewa kwa kupishana wiki kadhaa. Ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo farasi aliyetoka kuchanjwa anahitaji kupumzishwa. Usimchanje Alhamisi ukamsafirisha Jumamosi. Maliza chanjo, mpe wiki zake za kupumzika, ndipo uhame.

Ukiweza kuchagua, hama kiangazi, Januari na Februari au kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua zikinyesha na kukatika, usubi huongezeka, na huo si wakati wa kumpeleka mnyama mwenye wasiwasi mahali ambapo bado hujaujua upepo wake.

Siku ya safari

Farasi asiyejua trela asifundishwe trela siku ya kuhama. Wiki tatu kabla, liegeshe malishoni, mlango wazi, umlishe humo ndani.

Barabarani farasi hafanyi kazi ndogo. Kila breki na kila kona anajisawazisha kwa misuli ya miguu na shingo, na kushuka bonde la Mai Mahiu kwa dereva mwenye haraka kunachosha kama mazoezi magumu. Mtafute dereva aliyewahi kubeba farasi, na akikosekana, mwombe yeyote asimame ndani ya trela tupu kwa kilomita moja tu. Hatasahau.

Kamba isiwe fupi. Farasi anasafisha koo na mapafu yake kwa kuinamisha kichwa. Akifungwa kichwa juu kwa saa nyingi, bakteria hujikusanya katika njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu siku mbili tatu baada ya kufika. Limuru hadi Karen si kitu. Nairobi hadi Nanyuki, karibu kilomita 200, simama njiani, mlegezee kamba, mpe maji.

Fika mchana. Mpe nafasi ya kuona kabla ya giza mahali atakapopasikiliza usiku kucha.

Wiki tatu za mgeni

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa farasi, jembe lisubiri.

Mabanda yanayojiheshimu huweka karantini, yaani muda wa kumtenga mgeni ili kuona kama amekuja na maradhi. Wiki mbili hadi tatu zinatosha kwa mengi. Unaoogopwa zaidi ni ugonjwa wa majipu ya koo, unaoletwa na bakteria: homa, kisha usaha puani, kisha tezi za chini ya taya kuvimba na kupasuka. Huenea kwa pua, kwa ndoo, kwa mikono ya mtu. Kizuri ni kwamba homa hutangulia, na farasi huanza kuwaambukiza wenzake siku moja mbili baadaye. Hivyo kipimajoto asubuhi na jioni ndicho mlinzi wako mkuu. Saisi amhudumie mgeni mwisho, akishamaliza wengine, na ndoo yake iwe yake peke yake.

Lakini karantini isiwe kifungo cha upweke. Hapa natofautiana na wanaomfungia mgeni nyuma ya ghala asione kiumbe. Mweke mbali kiasi kwamba pua haziwezi kugusana, ila awaone wenzake na wao wamwone. Farasi asiyeona farasi mwingine hawezi kutulia, na asiyetulia hali.

Wakati huo huo mpime mavi kujua mzigo wa minyoo, umpe dawa ikihitajika, umweke ndani siku mbili tatu kabla hajakanyaga malisho ya wenyeji.

Kumwingiza kundini ni kazi ya subira. Mara nyingi nimeona kosa moja: lango linafunguliwa, mgeni anaachiwa kati ya farasi sita, watu wanaegemea ua kutazama. Hapo mguu huvunjika. Afadhali hivi. Kwanza wanuse kwa juu ya ua kwa siku kadhaa, ua wenyewe usiwe wa senyenge. Kisha mtafutie rafiki mmoja, farasi mtulivu wa katikati ya kundi, waachwe wawili katika uwanja mpana usio na pembe za kukwamia. Wakishalisha bega kwa bega, ongeza wa tatu. Weka mafungu ya nyasi yanayozidi idadi ya farasi kwa moja, ili anayefukuzwa apate pa kwenda. Na ikiwezekana viatu vya chuma vya miguu ya nyuma vitolewe kwa wiki hizo.

Atanisahau? Hapana. Farasi humkumbuka mtu aliyemtendea vyema hata baada ya miezi mingi. Wiki ya kwanza nenda kila siku ukiweza, na usimpande. Mpige brashi, tembea naye kwa kamba ukizunguka mipaka, simama anaposimama. Sauti yako ni miongoni mwa vitu vichache vilivyotoka naye kule.

Usingizi

Farasi husinzia akiwa amesimama. Miguu yake ina namna ya kujifunga isilegee. Lakini usingizi mzito, ule wa kuota, hawezi kuupata mpaka alale chini kabisa, misuli yote ilegee. Hauhitaji muda mrefu, pengine nusu saa hadi saa moja kwa siku. Ila anayelala chini hawezi kukimbia, kwa hiyo hatalala mpaka aridhike kwamba mahali ni salama, au kwamba yuko mwenzake anayemlinda. Katika nyumba mpya wengine hukaa siku nyingi bila kulala chini. Wanachoka, wanakuwa wakali, magoti yanaanza kuwalegea mchana. Ndiyo nusu ya jibu la lile swali la mwanzo.

Utajuaje kama amelala, nawe hukuwapo? Maranda hukuambia. Banda likiwa limetandikwa maranda safi, yale ya useremala, farasi aliyelala chini huamka nayo shingoni, ubavuni, mkiani.

Jike langu lilisimama usiku kumi na mbili. Saisi mpya, kijana ambaye kwa wakati huo alikuwa na nambari ya simu ya yule mzee wa Limuru na alikuwa akimpigia bila kuniambia, alihamisha ndoo kwenye kona ya mbali na mlango. Akambadilishia jirani pia, akamwekea dume kizee lisilojali kitu. Alinipigia Ijumaa alfajiri.

"Amelala," alisema. "Usiku wa leo amelala."

Nilifika kesho yake saa mbili. Alikuwa amekwisha kusafishwa, mgongo unang'aa. Lakini mkiani, katikati ya singa, maranda matatu yalikuwa bado yamenasa. Kijana alikuwa ameyaruka kwa brashi ili niyaone.